Namna ya Kuhakikisha Seva ya Gisenyi Inakuamsha Usiku

Tuseme seva mpya imefika Gisenyi, kwenye hoteli ya kando ya Ziwa Kivu, nawe fundi umetumwa kutoka Kigali kuifunga. Nyuma yake, mbali kidogo na matundu mengine ya kebo, kuna tundu moja limekaa peke yake. Hilo ni la moduli ya usimamizi: kompyuta ndogo ndani ya kompyuta, yenye prosesa yake na anwani yake ya IP, inayobaki macho hata seva ikizimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Kupitia hiyo unaweza kuiwasha seva, kuona kinachoonekana kwenye skrini yake, hata kuifuta yote na kuweka mfumo mpya, huku umekaa Nyamirambo, Kigali, unakunywa chai. Mwongozo huu utakuepusha na starehe hiyo.

Njia fupi ni kutochomeka kebo kabisa. Seva inawaka, taa ni ya kijani, mteja anatabasamu. Unataka nini tena? Volkano ya Nyiragongo ikilipuka kama ilivyolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yakapasua nyumba na barabara za Rubavu, wilaya yenye Gisenyi, na seva ikanyamaza, utapata nafasi ya kuzifaidi kona zote za barabara ya Musanze, kilomita 150 hivi kutoka Kigali, gizani.

Bosi akishikilia ichomekwe, chomeka, kisha usisome maelezo. Moduli za Dell kwa miaka mingi zimetoka kiwandani na anwani 192.168.0.120. Fundi mwoga huunganisha laptopu moja kwa moja, akaipa 192.168.0.10 na barakoa ya mtandao ya 255.255.255.0, akaandika anwani ya moduli kwenye kivinjari, ukurasa ukafunguka. Wewe baki kwenye wifi ya hoteli, andika anwani hiyo hiyo, subiri, kisha ulaumu mtandao. Karibu na mpaka wa Kongo simu hudaka minara ya Goma, kwa hiyo kisingizio hakikosekani. Moduli nyingine huomba anwani kwa DHCP. Hizo ni tamu zaidi, maana usipoihifadhi anwani kwenye ruta, kesho inaweza kuwa nyingine.

Ukishaingia, usiguse nywila. Dell walizoea jina root na nywila calvin, Supermicro ADMIN na ADMIN. IBM walijitahidi: USERID na PASSW0RD, ile O ya katikati ikiwa sifuri, ili mwizi ahangaike sekunde nzima. Kisha jimbo la California likaharibu mambo kwa sheria iliyoanza Januari 2020, inayotaka kila kifaa cha mtandaoni kiwe na nywila yake au kimlazimishe mtumiaji kuweka mpya. Sasa nywila huchapishwa kwenye kadi ndogo ya plastiki mbele ya seva, au kwenye stika. Dawa ipo: ipige picha, itume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, pamoja na wale walioacha kazi.

Anwani nayo iwe ya wazi, ifikike kutoka intaneti yote. Tangu 2013 inajulikana kwamba kiwango cha IPMI 2.0, kinachotumiwa na moduli hizi, humpa yeyote anayejua jina la mtumiaji alama fiche ya nywila kabla hata hajaingia, kupitia mlango 623, akaivunje nyumbani kwake taratibu. Kasoro imo kwenye kiwango chenyewe, kwa hiyo tiba ni kuzima IPMI ya mtandaoni au kuificha moduli kwenye mtandao wake wa pekee. Ni kazi ya dakika chache, usijichoshe. Mwishoni mwa 2018 wahalifu waliotumia programu ya JungleSec waliingia kwenye seva za watu kwa mlango huu, wakafunga mafaili na kudai bitcoin.

Jambo la mwisho: usifungue kamwe orodha ya walioingia. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya kulinda taarifa binafsi humpa anayesimamia data saa 48 za kuiarifu mamlaka kuhusu uvujaji, na saa hizo huanza kuhesabiwa pale anapojua.