Mizinga ya Mwisho wa Reli

Gemu ninalocheza kwenye simu halina mafumbo. Unakalishwa nyuma ya mzinga uliofungwa palepale ulipo, ndege na manowari za adui zinakuja makundi kwa makundi. Gumba la kushoto linazungusha mtutu, la kulia linafyatua. Tatizo ni kwamba aliyelitunga hajawahi kupanda daladala ya Mwanga kwenda Ujiji. Dereva akikwepa bodaboda, mtutu wangu unageuka kupiga mawingu. Abiria akishuka na kiroba chake cha dagaa, kiwiko changu kinasombwa, na adui anapita salama.

Kuna siku sauti ya simu ilikuwa juu kabisa. Mizinga ikanguruma, ving'ora vikalia, na mama mmoja aliyepakata dumu la mawese akaniinamia: "Mwanangu, ni wapi tena huko?" Kigoma mtu haulizi hivyo kwa mzaha. Tumepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo miaka nenda rudi; mlio wa bunduki ukisikika, watu hutazama ziwani kwanza. Nikamwonyesha kioo. Akakitazama, akanitazama na mimi, na sina hakika ni kipi kilimsikitisha zaidi.

Kibirizi nako vita ni vya aina nyingine. Ukishakula mgebuka wa kukaanga, kioo hakikutambui. Risasi zikiisha, unalazimishwa kutazama tangazo la mikopo ya haraka ndipo ugawiwe nyingine. Sijui jeshi gani jingine hupokea silaha kwa utaratibu huo. Na shangazi, Mungu amweke, hupiga simu pale tu manowari kubwa inapochomoza.

Manowari kubwa tulikuwa nayo wenyewe hapa Ziwa Tanganyika, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Graf von Götzen, meli ya Wajerumani, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande kwenye maelfu ya makasha hadi Kigoma, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Ikapewa mzinga wa milimita 105 uliookolewa kutoka Königsberg, manowari iliyoishia Rufiji. Waingereza wakajibu kwa vijiboti viwili, Mimi na Toutou, vilivyoletwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli na kukokotwa porini Kongo. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, alivaa sketi ya kaki na mwili wake ulijaa chale za michoro. Msimcheke: Desemba 26, 1915 aliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 akaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen ilipojitokeza, hakuisogelea.

Juni mwaka huo akafika Bismarckburg, Kasanga ya leo. Akaona mizinga imekodoa macho juu ya ngome, akageuza boti. Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka kwa majahazi. Baadaye ikajulikana kuwa mizinga ile ilikuwa ya mbao. Götzen nayo ikazamishwa na wenyewe Julai, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ndiyo Liemba.

Gemu langu linauza mzinga wa dhahabu, kwa fedha taslimu kabisa. Wa mbao haumo dukani, nami ndio ninaoutaka: hauishiwi risasi, hauli bando, na umeshamkimbiza ofisa mzima wa Uingereza.