Mikato Miwili na Wake Zangu wa Tanga

Siku hizi ofisini naitwa Sultani. Aliyeanza ni mlinzi wa getini, mama wa chai akadakia, na jana mkuu wa kitengo, mtu asiyecheka hata siku ya mshahara, alinisalimia kwa jina hilo huku akinitazama kwa heshima mpya.

Chanzo ni barua ya ruhusa. Kwetu barua huandikwa kwa Kiingereza, hata kama mwandishi na msomaji wametoka kubishana habari za Simba na Yanga kwa Kiswahili muda huo huo. Mke wangu anafanya kazi Tanga, na alikuwa amelazwa. Nikaandika: "My wife who lives in Tanga is sick." Afisa utumishi, kijana mwenye kalamu nyekundu, akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Pole kwa kuuguza. Sasa mzee wangu, kwenye faili una mke mmoja."

"Ndiyo, mmoja."

"Barua inasema huyu ni yule wa Tanga. Wengine wako wapi?"

Nilidhani ni utani. Akafungua mlango, eti hewa ipite, na hewa ilipoingia ikaingia na idara nzima ya uhasibu. Akanieleza kwa sauti kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za wake wengi, hivyo nisione aibu, nijaze tu upya fomu ya wategemezi. Barua ikarudi na duara jekundu lililozungushiwa mahali patupu. Hapo, akasema, ndipo ulipotakiwa kukaa mkato.

Usiku ule niliusaka huo mkato vitabuni kwa hasira, na saa sita ikanikuta bado nasoma, hasira sijui imekwenda wapi. Kumbe vishazi vya kivumishi vya Kiingereza viko vya namna mbili. Kishazi bainishi kazi yake ni kuchagua: kinamtoa mmoja kwenye kundi, na ukikiondoa msikilizaji atauliza "yupi?" Hakiwekewi mkato. Cha pili hakichagui mtu, maana mhusika ameshajulikana. Kinaongeza habari tu, kwa hiyo kinafungiwa katikati ya mikato miwili kama mgeni aliyepewa kiti cha pembeni. Andika "The students who failed were punished", wameadhibiwa waliofeli peke yao. Andika "The students, who failed, were punished", limefeli darasa zima na limechapwa darasa zima. Mikato miwili tu! Hakuna msahihishaji mwenye kasi hiyo.

Halafu kuna virejeshi: "who" ya watu, "which" ya vitu, na "that" inayowabeba wote lakini haikai kwenye kishazi cha mikato. Na kirejeshi kikiwa mtendwa katika kishazi bainishi, wenyewe wanakitupa kabisa: "the car I bought". Sisi gari lina -lo- yake, kitabu -cho-, mti -o-, wala hatuthubutu kuacha hata kimoja. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, alitaka "that" ibaki na vishazi bainishi na "which" iende kwa vingine, kisha akakiri mwenyewe kwamba waandishi wengi, hata walio bora, hawafanyi hivyo. Nilimsimulia mke wangu haya yote kwa simu. Akauliza kama ruhusa imetoka.

Ilitoka alipokuwa amesharudi kazini.

Mwanangu naye amepewa zoezi la kuunganisha sentensi, akawa analikariri barazani kwa sauti: "The man who lives next door is a thief." Jirani hajatusalimia tangu hapo.

Na kwenye kadi ya shukrani za harusi niliandika "my uncles who contributed", bila mkato. Wajomba wasiochanga walijua wanasemwa, na kweli walikuwa wanasemwa.

Lakini hili la barua silicheki. Mtoto wa shule ya serikali anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu ni Kiingereza, na akishaajiriwa anapimwa kwa alama ambayo masikioni ni kituo kidogo tu cha pumzi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mtu anaweza kuhukumiwa kifungo kwa Kiswahili, ila kwenda kumuuguza mkewe mpaka aombe kwa Kiingereza. Maafisa utumishi, nawaomba: pokeeni barua za ruhusa kwa lugha mnayotuulizia maswali mlango ukiwa wazi.