Sifa za Waya Mlegevu

Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, barabara zake zilikuwa zimeshayazoea mashangingi, na kila kiungo cha gari hilo kina wapambe wake. Tairi husifiwa kwa meno, shokapu kwa ustahimilivu, springi kwa kuinua bodi hadi mbuzi apite chini bila kuinama. Waya mwembamba utokao kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli, ukining'inia kizembe kana kwamba fundi ameenda kunywa chai, haujapata hata mpambe mmoja. Hii ni dhuluma, maana kwenye gari lililonyanyuliwa uzembe wa waya ndiyo kazi yake.

Waya huo una dhamana kubwa. Hupeleka habari za mwendo wa gurudumu kwenye breki za ABS, na kwenye Land Cruiser zenye difu inayofungwa kwa umeme, mwenzake hupeleka amri ya kufunga. Kiwanda kiliupimia urefu kwa springi zake chenyewe. Anayeongeza sentimita 5 za springi na kuweka shokapu ndefu ameiruhusu ekseli ishuke zaidi, na waya haukushirikishwa katika uamuzi huo. Gerejini mambo huonekana shwari, kwa kuwa uzito wa bodi umezikandamiza springi. Shida huanzia kwenye makorongo ya Kondoa, ardhi iliyoliwa na maji hadi Serikali ikaanzisha mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaiondoa mifugo kwenye maeneo yaliyoharibika. Gurudumu moja likibaki hewani, shokapu hunyooka mpaka mwisho, na waya uliokazwa kwa unadhifu hung'oka. Taa ya ABS inawaka. Difu inagoma saa ileile inapohitajika. Kwa hiyo kipimo cha haki huchukuliwa chasisi ikiwa juu ya stendi, magurudumu yakining'inia, na usukani ukizungushwa mpaka mwisho, kulia kisha kushoto. Anayepima gari likiwa limesimama kwa tairi zake anapima maegesho.

Wako watakaosema waya mlegevu hunaswa na miiba ya migunga, huchubuliwa na propela shafti, huungua kwenye ekzosi. Ni kweli, na nyanda za Ugogo hazina upungufu wa miiba. Lakini hayo ni makosa ya waya uliotelekezwa. Ulegevu ninaousifu umelelewa: kishikizo kinashushwa kwa kipande cha bati, kitanzi kinaelekezwa mbali na kila kinachozunguka au kuchemka, kibano cha plastiki kinashika bila kukaba. Wengine watauliza kwa nini tusikate tu na kuunga kipande. Kwa sababu tepu haishindani na tope jeusi la Bahi wakati wa mvua. Sensa nyingi za zamani za ABS huzalisha umeme hafifu mno gari linapotambaa, kwa hiyo kutu kidogo kwenye kiungo hutosha kuzipotosha. Mara nyingi waya una akiba yake, imefichwa chini ya vishikizo vya kiwandani, ifunguliwe kwanza. Ikiwa haitoshi, itafutwe nyongeza yenye plagi zisizopitisha maji.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba mpira wa breki una haki zaidi ya kusifiwa, kwa sababu waya ukikatika inawaka taa, mpira ukikatika breki zinaondoka. Nakubali bila ubishi. Sifa hizi basi zigawiwe mpira huo, pamoja na kile kibomba cha pumzi cha difu ambacho hakuna anayekikumbuka: kikichomoka kwa kuvutwa, difu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji ya baridi huyanyonya, na oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa.