Namna ya Kumwamini Usiyemjua, Ukiwa Lingeka

Kwanza, futa wazo la kuishi bila kuwaamini wageni. Ukitoka Lingeka, hapa Simiyu, alfajiri, saa nne haijafika umeshapanda bodaboda ya kijana ambaye hujui hata kwao ni wapi, na roho yako iko mikononi mwake. Kwa hiyo jifunze kuamini vizuri.

Anza kwa wakala wa pesa. Binti aliyekaa kibandani humjui, na jina litakalotokea kwenye simu huenda si lake, ni la mwenye laini. Usikurupuke. Lisome kwa sauti: "Dada, naona jina hili, ndilo?" Akiitikia, mgeuzie mgongo uingize namba ya siri, hatachukia. Naye hatakupa noti mpaka meseji iingie kwake, usinune. Zihesabu palepale. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, watu wasiojuana wanaaminiana hivyo, kila mmoja akimkagua mwenzake bila kinyongo.

Mzigo wa mtoto anayesoma Bariadi mpe konda wa basi. Andika jina na namba ya simu juu ya mfuko, chukua namba yake, lipa mbele ya watu wa kijiweni. Kesho atapita njia ileile, na anajua mnamsubiri.

Msimu wa pamba, wa kutiliwa shaka ni wewe. Kwenye AMCOS, chama cha ushirika, unamkodolea macho karani asiibe kilo, sawa, ni haki yako. Lakini atakayesokota nyuzi zile hatakuona kamwe. Ukitia maji au mchanga ili mfuko uwe mzito, umemwibia, na sifa mbaya wataibeba wakulima wote wa Simiyu.

Sasa yule tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huyu hana kibanda, hana kijiwe, na ana haraka. Usimjibu, hata kwa matusi. Tuma ujumbe wake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Kisha jiulize laini yake ilisajiliwa kwa kidole cha nani. Huenda ni cha mama fulani aliyeambiwa gulioni, "Mama, weka tena, haijakubali," akaweka. Ukiambiwa hivyo, uliza kwanza alama ya awali imekwenda wapi. Na leo hii piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; ukikuta usiyoijua, nenda kwenye ofisi ya mtandao huo waifute.