Katika Kukisifu Kibali

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, lulu na mwendo wa jahazi, na wahubiri wameisifu subira hata subira yenyewe imechoka kusikia. Lakini mpaka leo sijaona mtu aliyeketi kitako akakisifu kibali, yaani ile karatasi ambayo mtu hana budi kuipata kabla hajachimba bwawa, hajatia kalvati kijitoni, wala hajasimamisha ukuta kando ya mbuga, kama tuliitavyo huku Unyamwezi lile bonde la udongo mweusi ambalo masika hugeuka ziwa na kiangazi hupasuka kama kisigino cha mpagazi. Kwa kuwa mimi nimekitafuta kibali cha bwawa la samaki hapa Tabora kwa muda mrefu kuliko nilivyomposa mke wangu, naona ni haki sifa zake zianzie kinywani mwangu.

Muungwana hutajwa kwa nasaba, na nasaba ya kibali si haba. Zamani za misafara, pembe za ndovu zilipokuwa zikitoka Ujiji kwenda Bagamoyo na kupumzishwa hapa Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, hakuna aliyeuvuka mto Malagarasi kwa ubavu wake tu. Wavinza ndio waliokuwa na mitumbwi, na wakubwa wao ndio waliokuwa na neno. Msafara ulitua ukingoni, mizigo ikabwagwa, yakaanza mazungumzo marefu ya nguo na shanga, na malipo yale yakaitwa hongo. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita hapo mwaka 1858 wakatoa. Stanley naye, aliyekuwa amekwisha kuzungukia kusini kwa sababu mtemi Mirambo ameifunga njia, alifika mtoni mwaka 1871, akalipa, akadaiwa tena, akalipa tena. Na pamoja na malipo yote hayo, punda wake mmoja alinyakuliwa na mamba alipokuwa akivushwa, maana mamba hakuwamo katika mapatano.

Hongo ile ilihesabiwa juani, mbele ya macho ya wapagazi wote, wala hapakuwa na aliyeona haya kuitaja. Leo neno lenyewe limeshuka cheo, hata halitamkwi ila kwa sauti ya chini. Mimi nasema kwamba kibali na hongo ni ndugu wa tumbo moja: mmoja alikwenda shule akapewa mhuri na stakabadhi, wa pili alipotelea chini ya meza.

Fadhila ya kwanza ya kibali ni elimu. Kabla ya kukitafuta nilidhani kijito kilicho nyuma ya nyumba yangu ni kijito tu, tena dhalili, kinachokufa kila kiangazi bila ya kuzikwa. Kibali kimenifunza kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakizungushia heshima ya mita 60 kila upande. Kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaiweka Tanzania Bara yote chini ya mabonde tisa. Na kwamba mimi, niliyejiona mtu wa Tabora, ni raia wa Bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo bodi yake ina makao Kigoma. Maji yanayopita nyuma ya jiko langu hushuka mpaka Malagarasi na kuishia ziwani, yaani yanashika safari ile ile ya misafara, ila hayachukui mzigo wala hayaombi posho.

Fadhila ya pili ni udugu. Katika benchi la ofisi moja, ambayo adabu inanizuia kuitaja, nimepata marafiki ambao karamu kumi zisingenipatia: mfyatua tofali, mkandarasi wa kivuko cha kijijini, na mzee mmoja wa kisima ambaye amenisimulia maisha yake yote, kisha akaanza ya baba yake. Safari ya kwanza nilirudishwa kwa kukosa mchoro. Ya pili, kwa mchoro usio na mhuri. Ya tatu, mhuri ulikuwa umeifunika saini. Safari ya nne kila kitu kilikuwa sawa, ila mhusika alikuwa semina.

Fadhila ya tatu ni ulinzi, nayo siitaji kwa dhihaka. Magharibi yetu kuna ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, hekta 3,250,000, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Humo huishi yule korongo mwenye mdomo kama kiatu, asiyejua kuandika barua ya malalamiko. Mto ukishatoka humo, katika maporomoko ya Igamba, palikuwa na mpango wa kuzalisha umeme ambao uliachwa baada ya uchunguzi wa mazingira kukuta viumbe adimu wa majini pale pale palipokusudiwa kujengwa. Kiumbe mdogo alilizuia tingatinga, na silaha yake ilikuwa karatasi. Lakini insafu yataka niseme na hili: watu wa Kigoma waliendelea kuwasha taa zao kwa majenereta ya dizeli mwaka baada ya mwaka, na kwao ushindi huo haukuwa wa bure.

Jirani yangu, mtu mwenye haraka, hakutaka kujifunza elimu yote hii. Alijenga mbugani kiangazi, ardhi ikiwa kavu na bei ikiwa ya kuridhisha, wala hakumwuliza mtu. Masika yalipofika maji yaliingia kwa mlango wa jikoni, yakapita sebuleni, yakatokea barazani, na samaki wa kambale wakaonekana uani kwake, ilhali mimi niliyewaombea ruhusa kwa barua tano sina hata mmoja.

Basi wakubwa wetu nawasihi hivi: mita 60 zibaki, zisipunguzwe hata shubiri moja, maana mbuga haina mtetezi mwingine, lakini benchi lifupishwe. Kila siku ambayo mhusika yuko semina, yule ndugu aliyepotelea chini ya meza hupata mgeni mpya, na kila anayekata tamaa hununua saruji akaenda kujenga mbugani usiku. Faili langu, nimeambiwa, limekwenda kwa mkubwa. Nitarudi Jumatatu, na mzee wa kisima ameahidi kuniwekea nafasi.