Jinsi ya Kuugua Sukari Kansanga Bila Kuisumbua Bima

Kwanza, chagua ugonjwa kwa adabu. Bima hupenda ugonjwa wenye mwisho: malaria, kidole tumbo, mguu uliovunjwa na bodaboda. Sukari na presha ni wageni wasioaga, na kampuni haipendi wageni hao. Ikiwa ni lazima uugue sukari, subiri muda wa kungojea uishe, wala usithubutu kupima wiki moja kabla ya kujaza fomu.

Kisha soma kijitabu cha kadi ya bima. Mbele kuna familia inacheka. Nyuma, kwa herufi zinazotaka miwani (ambayo kadi huenda isiilipie), kuna kiasi cha kujilipia kabla kampuni haijatoa shilingi, na kikomo cha mwaka cha magonjwa sugu. Hesabu yenyewe ni tamu. Dawa za kila mwezi ni ndogo mno kuvuka kizingiti, basi unajilipia. Siku figo zikigoma, gharama ni kubwa mno kwa kikomo, basi unajilipia. Hapo katikati kampuni iko nawe bega kwa bega.

Famasi za barabara ya Ggaba, hapa Kansanga, Kampala, hazitakucheka ukinunua vidonge vya siku tatu. Ila usimkumbushe muuzaji kwamba mwaka 1923 wagunduzi wa insulini walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki zao kwa dola moja moja. Atakuelekeza Toronto.

Wasio na kadi, yaani karibu Uganda nzima, waende kituo cha serikali. Ada zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Kumwona daktari ni bure, na dawa zikiwa zimekwisha, kuambiwa hivyo pia ni bure.

Bima halisi ya mtaa ni munno mukabi, yaani chama cha kusaidiana wakati wa shida, na kundi la WhatsApp. Hakuna fomu wala herufi ndogo. Pesa zinaingia kwenye simu jioni ileile. Lakini mjue tabia yetu: tunachangia jeneza haraka kuliko vidonge.

Na bima ya taifa? Bunge liliupitisha muswada wake Machi 2021, Rais hakuutia saini, ukarudishwa. Kenya ilianzisha mfuko wake mpya wa bima ya afya, SHIF, Oktoba 2024, ikimkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara, na malalamiko hayajaisha. Lakini angalau wana cha kulalamikia. Mbunge akipita Kansanga kuomba kura, mwulize muswada umefika wapi. Mwulize polepole, kwa heshima. Yeye hutibiwa kwa bima ya Bunge.