Mhakiki wa Sebuleni

Mhakiki wa sebuleni ni mtazamaji anayetoa hukumu ya filamu bila kuombwa, aghalabu kabla haijaisha. Yuko wa aina tatu.

Wa kwanza ni mtabiri. Stelingi akizingirwa na maadui hamsini, hutangaza kwamba stelingi hafi, kisha hungoja pongezi. Filamu iliyotiwa maneno na DJ Afro wa Kenya humnyima kazi, maana humo kila kitu kimeshasemwa.

Wa pili ni fundi. Uwanja wake ni Titanic ya mwaka 1997, iliyotwaa tuzo 11 za Oscar bila kumridhisha: ule ubao aliojiokoa nao Rose meli ilipozama, anasema, ungewabeba yeye na mpenzi wake Jack wote wawili. Mwongozaji James Cameron alifikia hatua ya kuwaingiza watu majini kulijaribu jambo hilo, na mwaka 2023 majaribio yakaonyeshwa kwenye televisheni. Matokeo yalitegemea walivyokaa. Fundi hakutegemea chochote.

Wa tatu ni msinziaji. Hukoroma tangu mwanzo, huamka majina yakipanda, na husema picha haina kichwa wala miguu. Neno lake ndilo la mwisho, kwa kuwa rimoti ameilalia yeye.